Dole la Mwenye Leseni

Garissa
16 Januari 1967

Bwana Karani,

Salaam nyingi kutoka kwenye vumbi ulilolikimbia. Mimi ni mzima, hoteli ni nzima, na lile birika kubwa lililokuunguza mkono bado linavuja pale pale. Idi imepita. Mwaka huu tumefunga kwa taabu, maana wenye maziwa ya ngamia wanazuiliwa kwenye vizuizi na mara nyingi walinifikia futari imekwisha. Nilikaanga sambusa nyingi kama mjinga, nikazila na Amran jirani yangu. Kiti chako cha mlangoni anakikalia fundi redio kutoka Isiolo, mtu wa kikombe kimoja kwa saa tatu. Wewe ulikuwa unakunywa vinne na bado unaniambia chai yangu ina iliki nyingi mno.

Umeona ninavyoandika bila kufutafuta? Mwalimu wangu ni wewe, basi makosa ukiyaona ni yako.

Sasa shida yangu. Nimekwenda kufanya upya leseni ya hoteli, kama kila Januari. Aliyekaa kwenye meza yako siku hizi anaitwa Lazarus. Ni mpole, ana suruali iliyopigwa pasi, lakini hasikii la mtu. Anasema mwenye leseni ni Dagane Barre Jelle, na Dagane mwenyewe ndiye aje atie dole kwenye rejista. Nikamwambia mume wangu alikwenda Diff kumwangalia mama yake mgonjwa, Agosti ya 1964, na hajarudi. Nikamwambia pia kwamba Januari zote mbili zilizofuata nimefanya upya mwenyewe, kwa sababu sheria inamruhusu mke kulipa ada mume akiwa safarini. Akaniuliza, sheria gani? Nikasema, ile aliyonisomea Bwana Justus. Akacheka kidogo, akasema angependa kuisoma na yeye.

Basi niandikie namba ya kifungu, kwa herufi kubwa, niipeleke nikaiweke chini ya pua yake. Amenipa mwezi mmoja. Hoteli hii ikifungwa sina pengine pa kwenda, na Dagane akirudi hatajua pa kunitafuta.

Ni mimi,
Lul Kulow, mke wa Dagane Barre


Kitui
27 Januari 1967

Bi Lul,

Barua yako imenifikia jana. Nimeisoma mara tatu, ya kwanza kama mwalimu, nikaona kosa moja tu, na hilo silisemi.

Mimi niko. Nimepewa chumba kimoja nyuma ya ofisi. Mke wangu Gacheri amebaki Nkubu na ng'ombe wake, anasema amechoka kunifuata kila serikali inaponitupa, na siwezi kumlaumu. Chakula nakula kwa mama mmoja anayetia majani ya chai kama mtu anayepima dawa. Iliki haijui kabisa. Jioni nakaa mlangoni nikitazama watu wakienda kwao. Miaka kumi na tisa ya ukarani, Bi Lul, na sijui jina la mtu hata mmoja katika mtaa huu.

Kuhusu leseni. Namba ya kifungu kile siikumbuki, na vitabu tulivyo navyo hapa ni vya zamani. Usibishane na Lazarus. Fanya hivi: iache ile ya zamani, omba mpya kwa jina lako mwenyewe. Mwanamke anaweza kuwa na biashara kwa jina lake, hilo halina ubishi mahali popote. Usimtajie miaka iliyopita. Na tafadhali usimwombe afungue rejista za nyuma kutafuta chochote.

Kuna njia nyingine, na naiandika kwa heshima zote. Kadhi anaweza kusikiliza habari za mtu aliyepotea muda mrefu, akaamua kwamba amefariki. Kwa karatasi ya kadhi, ploti na leseni vinakujia wewe bila maswali. Miaka miwili na nusu ni mingi. Fikiria.

Wako,
Justus M'Ikiara


Garissa
8 Februari 1967

Bwana Justus,

Nilikuomba namba ya kifungu, wewe umeniletea sanda.

Nimefanya ulivyosema, nimeomba leseni kwa jina langu. Lazarus amesema ploti moja haibebi leseni mbili. Ama Dagane aje airudishe yake, ama nilete karatasi ya kifo. Kwa hiyo njia zako mbili ni moja. Nimuue mume wangu, nipewe hoteli.

Nikuambie kitu ambacho sikukuambia ulipokuwa hapa. Unajua kwetu mwanamume akifa, ndugu yake humwoa mjane, tunaita dumaal. Aprili ya 1965 Ogle, mdogo wake Dagane, alikuja na wazee wawili, wakakaa kwenye meza ile unayoijua. Akasema ndugu yake bila shaka amekufa, na yuko tayari kunichukua. Ogle si mtu mbaya. Anacheka haraka na hapigi wanyama. Nikamwambia, niletee mtu aliyemwosha ndugu yako, ndipo tuzungumze. Amekwenda Mandera, ameoa huko, wana mtoto wa kiume. Mimi nina miaka thelathini na nne na sina mtoto. Mahesabu hayo nayajua vizuri kuliko wewe, hayahitaji karani.

Nimemkatalia mtu aliye hai kwa ajili ya Dagane, halafu leo nimfukie kwa sababu ya muhuri? Siku alipoondoka aliniuliza aniletee kitambaa cha rangi gani, maana Diff vitambaa vinavuka mpaka ni rahisi. Nikamwambia achague mwenyewe, nione kama ananijua. Akapanda lori anacheka. Mtu anayecheka namna ile hajaniaga.

Wanawake wa sokoni walikuwa wakisema karani hamfundishi mwanamke kusoma bure bure. Nilikutetea. Sasa najiuliza kwa nini una haraka hivi ya kunifanya mjane.

Lul Kulow, mke wa Dagane Barre


Kitui
17 Februari 1967

Bi Lul,

Si hivyo wanavyosema sokoni. Nakuapia.

Nisamehe kwa barua ile. Lakini nakuomba tena, nenda kwa kadhi, na uende wiki hii. Sababu siwezi kuiandika. Kama ulipata kuniamini siku moja pale mezani, niamini mara hii moja, kabla Lazarus hajaanza kupekua makabati.

Justus


Garissa
2 Machi 1967

Justus,

Barua hii inakuja kwa mkono wa Alio wa lori la mbuzi, sikutaka ipite posta. Ukishaisoma ichome.

Jumatatu waliniita ofisini. Alikuwapo Lazarus na ofisa wake, na askari mmoja mlangoni. Rejista ilikuwa wazi mezani. Ofisa akaniambia, "Mama, wewe unasema mumeo hajaonekana tangu 1964. Rejista inasema alisimama hapa tarehe 11 Januari 1965, na tena tarehe 10 Januari 1966. Ametia dole lake. Sasa amejificha wapi?"

Nikasema, "Wallahi sijui."

Akasema, "Anatoka porini kwa mashifta, anatia dole, analala kwako, anarudi porini. Na wewe unawapikia chai wenzake."

Nikuambie ukweli wangu kwanza, maana sina mwingine wa kumwambia. Aliposema Dagane alikuwa hapa Januari iliyopita, moyo wangu uliruka. Sikuogopa kabisa. Nilifikiri, yu hai, amekuja mpaka mjini, amepita mbele ya mlango wangu asiingie, labda ana mke mwingine, na iwe hivyo, awe nao hata watatu, lakini yu hai. Nilikaa na furaha hiyo labda kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Halafu nikatazama ukurasa.

Madole yalikuwa matatu. La kwanza, la Januari 1964, nilikuwapo alipolitia. Wewe ulimshika mkono. Lina mstari mweupe katikati, kwa sababu ya kovu lake, pale kisu kilipomkata akichuna ngamia. Kila alipotia dole mstari ule ulitokea, na wewe ulimtania kwamba serikali itampa namba ya barabara. Madole mengine mawili hayana mstari. Ni manono, laini, ni ya mtu asiyewahi kushika kisu wala kamba.

Sikuwaonyesha tofauti hiyo. Nikisema si la mume wangu, wataniuliza ni la nani. Nimepewa mpaka tarehe 20, nimlete Dagane au niseme alipo. Nisipofanya hivyo watafunga hoteli, watachukua ploti, na mimi nitapelekwa wanakopelekwa wake wa mashifta.

Uliniambia sheria inamruhusu mke kulipa ada. Nikalipa, ukanipa karatasi yenye muhuri, nikaitundika ukutani. Dole ni la nani, Justus? Na ulijuaje kwamba mwenyewe hatatokea kulidai dole lake?

Lul


Kitui
10 Machi 1967

Bi Lul,

Sikuichoma barua yako. Nimeiweka pamoja na nyingine.

Dole ni langu. Nililipaka wino na kuligandamiza mara mbili, Januari zote mbili, Lazarus hajafika, hakuna aliyeniona.

Na nilijua mwenyewe hatatokea, kwa sababu Dagane alifariki tarehe 12 Oktoba 1964. Nimeandika sentensi hii mara nyingi kichwani na kila mara nilidhani nitapata namna ya kuitangulizia kitu. Sikupata. Alikuwa anarudi kwako. Alipanda lori Wajir, na lori likaingia katikati ya watu waliokuwa wakipigana risasi. Abiria watatu walikufa. Wamezikwa kando ya barabara, maili thelathini na moja kutoka Garissa, upande wa kulia ukitoka mjini.

Wawili walitambuliwa. Wa tatu hakuna aliyemjua kwenye lori lile. Alikuwa na leseni ya hoteli mfukoni, nadhani aliibeba ili awaonyeshe kwenye vizuizi kwamba ni mtu mwenye kazi mjini, na alikuwa na mzigo mmoja. Karatasi iliyoletwa mezani kwangu ilisema: leseni moja, kitambaa cha kike yadi nne. Rangi haikuandikwa. Waliniletea leseni ile niseme ni ya nani.

Mwezi ule, aliyefia barabara ile aliandikwa shifta kabla hajaulizwa alikuwa akitoka wapi, na ploti ya shifta ilichukuliwa. Nilikuwa nimeshaandika hati mbili za namna hiyo kwa mkono wangu huu. Kwa hiyo nilijibu: "Maandishi hayasomeki. Mtu hajulikani." Nikaitia leseni mfukoni. Hivyo ndivyo alivyozikwa bila jina, na aliyemnyang'anya jina ni mimi. Lazarus na ofisa wake hawana kosa, wanasoma nilichowaachia.

Jioni ile nilikuja hotelini nikuambie. Ulikuwa umeniwekea ubao mezani. Ulikuwa umeandika sentensi yako ya kwanza bila msaada: "Dagane akirudi nitamsomea." Ukasimama na kitambaa cha kufutia mikono unasubiri nikusahihishe. Haikuwa na kosa. Nilikunywa vikombe vinne nikaondoka.

Nilijiambia nakulinda. Kwa wiki za mwanzo ilikuwa kweli. Baadaye kulikuwa na jingine, na nikikuficha hilo pia nitakuwa sijabadilika. Nilijua ukipata habari utafunga hoteli ukae eda, kisha Ogle atakuja, na utakwenda. Kiti changu pale mlangoni kilikuwa mahali pekee Garissa palipokuwa na mtu aliyeniuliza kama nimelala vizuri. Wa sokoni walikosea, sikutaka kukuoa. Nilitaka tu usiondoke. Nikakuachia mume aliye hai ili nibaki na mahali pa kunywa chai. Sijui jina la kosa hilo, halimo kwenye kitabu chochote nilichowahi kusoma. Lile la dole limo.

Leo asubuhi nimepeleka maelezo yangu kwa ofisa wako, yote, pamoja na leseni iliyotoka mfukoni mwa marehemu. Nimeandika wazi kwamba wewe hukujua lolote. Tarehe 20 haitakufika. Kopi ya maelezo imo ndani ya bahasha hii, mpelekee kadhi. Tarehe ya kifo imo na atakuandikia karatasi. Utapata leseni kwa jina lako.

Siandiki samahani, nitakuwa naiomba ili nilale.

Justus M'Ikiara


Garissa
4 Mei 1967

Karani,

Nimeambiwa mlinzi wa gereza anasoma barua kabla yako. Na asome, hakuna humu kinachokuongezea miezi juu ya ile kumi na minane.

Nimepata leseni. Lazarus aliniuliza dole au sahihi, nikamwambia sahihi. Nikaandika Lul Kulow, polepole, hata L ile ya kwanza haikutetemeka. Iko ukutani, mahali pa ile nyingine. Ofisa amekuwa na adabu. Alinionyesha leseni ya zamani, imekunjwa mara nne, pembe zimelika kwa jasho. Dole lake limo, na mstari wake. Niliomba nipewe, akasema ni ushahidi wa kesi.

Nilikuwa nimekaa siku nyingi nikikuchukia, na ningependa kukuambia imepungua. Haijapungua kila siku. Ulimpa Ogle jibu langu kabla hajaniuliza. Mtoto yule wa Mandera nimemfikiria mpaka nikaona aibu. Na kila lori lililotoka Wajir, miaka yote hii, nilikuwa natoka mlangoni na taulo mkononi kumuuliza dereva, hamkumwona mtu mrefu mwenye kovu doleni? Walikuwa wakisema hawajamwona. Kila mmoja wao alikuwa amempita maili thelathini na moja kabla ya kunifikia mimi.

Nilikwenda kwa kadhi na karatasi zako. Nilikwenda nimeshajiandaa, nimefunga hoteli, nimevua bangili, nimemwambia Amran aniletee maji, kwa sababu nakaa ndani. Kadhi alisoma, akahesabu kwa vidole, akarudia. Akaniambia, "Mama, wewe huna eda. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi tangu mumewe alipofariki, si tangu alipopata habari. Eda yako ilikwisha Februari ya 1965, wiki mbili baada ya Idi." Nikamwambia niko tayari kuilipa. Akasema haipo ya kulipa, siku zimepita zenyewe.

Idi ile, Karani, wewe ulikuwapo. Nilijipaka hina mpaka viwikoni. Nilivaa gauni jipya la dirac, nikafukiza udi, ukaniambia nanukia mpaka ofisini. Nilikuwa ndani ya eda yangu. Kadhi anasema sina dhambi kwa sababu sikujua. Sikumuuliza habari za dhambi.

Kwa hiyo nilivaa bangili nikafungua hoteli kesho yake asubuhi. Wanawake walikuja, wakasema Mungu amrehemu, wakaulizana bei ya sukari, wakaondoka, kama watu wanaopeana pole ya msiba wa zamani. Na kweli ni wa zamani. Ni kwangu tu ulipofika juzi. Nalia nikiwa nasukuma unga, wateja wanadhani ni moshi.

Nimeomba pasi ya kwenda maili thelathini na moja. Wamesema barabara bado haijatulia, nijaribu baada ya miezi michache. Nitajaribu. Ukitoka huko usije hapa. Lakini niandikie, kwa sababu mji mzima sina mtu wa kuzungumza naye habari za kifo hiki. Wewe umekaa na maiti yake miaka miwili na nusu, mimi nimeanza sasa.

Na kuna jambo moja nalitaka kwako, na hili usinifiche kwa huruma wala kwa hofu. Karatasi ile waliyokuletea, umesema rangi haikuandikwa. Lakini kuna mtu aliyeufungua mzigo akazipima zile yadi nne, akaziona kwa macho yake, na makarani mnajuana. Mtafute. Muulize kilikuwa rangi gani.

Lul Kulow, mjane wa Dagane Barre